Kabla hujasajili kampuni: barua kuhusu zege

Mbezi, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salamu zako nimezipata, na shikamoo za watoto nimezipokea. Waambie baba yao mkubwa amesema marahaba. Hapa kwetu wazima wote, isipokuwa mvua imetubana. Shimo la msingi kule Goba limejaa maji, vibarua wamekaa chini ya turubai wanakula posho, nami nimepata nafasi ya kukujibu kwa kirefu.

Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: usajili wa kampuni yako CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na "zile hesabu zenu za zege". La usajili nalimaliza upesi. Bodi hiyo inafanya kazi chini ya Sheria Na. 17 ya 1997. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba. La Saba ndilo la kuanzia, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi unayoruhusiwa kuchukua. Ukomo huo hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee tarakimu za vijiweni. Nenda ofisi ya kanda hapo hapo Mwanza, upewe fomu na masharti ya sasa. Wataangalia sifa za msimamizi wako wa kitaalamu, vifaa na mtaji. Usiazime cheti cha mhandisi ambaye hatakanyaga saiti. Najua wanaofanya hivyo, na najua utaniambia wanaishi vizuri tu. Wewe usifanye.

Hilo la pili ndilo zito. Leo wewe ni fundi mkuu: nguzo ikitoka vibaya, lawama inagawanywa kati yako, mwenye nyumba na aliyeleta mchanga. Siku jina lako likiandikwa kwenye kibao cha saiti, hakuna wa kugawana naye. Unakumbuka Machi 2013, lile jengo la ghorofa 16 Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36. Novemba 2024 tukasimama tena Kariakoo tukiangalia waokoaji wakifukua. Sizungumzii sababu za majengo hayo, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nasema tu kwamba kwenye biashara yetu, sehemu kubwa ya unacholipwa hufunikwa kabla mteja hajakiona.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wageni wa daraja la Saba wanapopata hasara ya kwanza. Chukua jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita 10 kwa 8, unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 12. Mchanganyo wa 1:2:4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, una sehemu saba, kwa hiyo mwenye haraka anagawa 12 kwa 7, kila mfuko akiuhesabu lita 35, anapata saruji kama mifuko 49, anaandika bei na kusaini mkataba. Siku ya kumwaga mifuko inaisha jamvi likiwa limefika kati. Kilichompata ni kwamba vifaa vikavu vina nafasi za hewa. Mchanga unaingia kati ya kokoto, saruji inaingia kati ya mchanga, na maji yakishaingia rundo linashuka. Ujazo wa zege huzidishwa kwa 1.54 hivi ili kupata ujazo wa vifaa vikavu. Kwa hiyo mita moja ya ujazo inakula saruji mifuko 6 na theluthi, na jamvi letu linataka 76. Ongeza kidogo cha kumwagika na kupotea, agiza 80. Tofauti ya mifuko zaidi ya 25 kwenye jamvi moja inatosha kula faida yote, na mkandarasi aliyekwisha kula hasara ndiye anayeanza kuambia vijana "punguza saruji kidogo".

Sasa maji. Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapogombana na mafundi kila wiki.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja wa saruji unakwenda na mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Ndoo zisawazishwe juu kwa ubao, si kilima. Koleo si kipimo; koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana havifanani hata kama mkono ni ule ule. Maji ya mfuko huo, ukitaka nusu ya uzito wa saruji, ni lita 25: ndoo moja na robo. Saruji yenyewe kwa kujigandisha inahitaji karibu robo tu ya uzito wake. Yanayobaki ni ya kulainisha ili zege liingie kwenye boksi la mbao na kuzunguka nondo. Kila unachozidisha kinakuja kukauka na kuacha vitundu. Ukitoka nusu ukafika 0.7 ya uzito wa saruji, unaweza kupoteza theluthi ya nguvu au zaidi, na zege kwa macho litapendeza kuliko lile zuri, maana limelainika na limejisawazisha lenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao mafundi wetu wengi hawauhesabu. Mchanga wa mto ulionyeshewa una maji tayari. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5, zile ndoo tatu na nusu zinabeba karibu lita tano. Kwa hiyo siku kama ya leo, lita 25 zinakuwa 20, ndoo moja kamili. Na mchanga huo huo wenye unyevu hufura, unachukua nafasi kubwa kuliko ukiwa mkavu, hata robo zaidi. Maana yake ndoo zako za mchanga zina mchanga pungufu, na zege linatoka limejaa kokoto tupu. Itabidi uongeze kipimo cha mchanga. Ukichota tu kwa mazoea, umekosea mara mbili kwenye ndoo moja.

Vijana watakuambia zege gumu halimwagiki. Wana haki kidogo. Lipo zege gumu kupita kiasi, na nguzo yenye nondo zilizobanana hailikubali. Dawa yake ni vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege likae, au kuongeza saruji na maji pamoja kwa uwiano ule ule, au kemikali ya kulainisha kama mhandisi ameikubali. Mpira wa maji sio dawa. Mimi mpira nauondoa kabisa karibu na mashine ya kuchanganyia. Maji yanakuja kwa ndoo na mtu mmoja tu ndiye anayamimina. Nunua pia ile koni ya kupimia ulaini: urefu milimita 300, chini 200, juu 100. Unajaza matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo, unainua, unapima limeshuka kiasi gani. Haichukui muda. Mchanganyo wa tatu ukishuka mara mbili ya ule wa kwanza, mtu ameongeza maji wakati umegeuka kupokea simu.

Zege halilali, unajua. Ila siku hizi naona wanaliamsha: limekaa saa mbili kwenye karai kwa sababu ya chakula, limeanza kukamata, mtu analirushia maji na kulikoroga upya. Hilo limwagwe jaani, hata mwenye nyumba akikasirika. Kama mvua au mashine imekusimamisha katikati ya jamvi, usiache zege lijiishie linapotaka. Funga ubao wima, simamisha kwenye theluthi ya katikati ya upana kati ya nguzo na nguzo, na kesho yake uparuze uso huo mpaka kokoto zionekane kabla hujaendelea.

Kokoto za hapo kwenu za kugongwa kwa mkono ni granaiti nzuri, lakini wale akina mama wanaozigonga wanakuuzia saizi zote ndani ya rundo moja. Pitisha kwenye wavu. Kwa jamvi usizidi milimita 20. Vumbi lake lioshwe. Huku pwani shida yetu ni mchanga wa ufukweni, ambao chumvi yake inakula nondo kimyakimya. Wewe wa ziwani umeepuka hilo.

Nondo nazo zipime kwa mizani, usipime kwa jina. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.6 hivi. Kama muuzaji anakupa ya kilo 9, hiyo si 12, hata akiapa. Halafu ziinue kwa vitofali vya zege ulivyovifyatua mwenyewe: milimita 25 kwenye jamvi, 50 kwenye msingi uliotandikwa zege la chini. Usiinue kwa vipande vya mbao wala kwa mawe. Na baraza linaloning'inia nje bila nguzo, tafadhali sana: nondo zake kuu ziko juu, kwa sababu juu ndiko linakovutika. Vibarua wanapita na makarai, wanazikanyaga mpaka chini, zege linafunika, kila kitu kinaonekana sawa mpaka siku mirunda inatolewa. Weka mbao za kupitia, na mtu asimame hapo mpaka kazi iishe.

Kumwagilia ni siku saba kwa uchache, kuanzia uso unapokamata. Magunia yaliyoloweshwa, au ujenge kingo za udongo ulijaze jamvi maji. Kurusha ndoo asubuhi na jioni kwa jua la Mwanza ni kujiliwaza tu. Mbao za pembeni za nguzo unaweza kuzitoa kesho yake. Mirunda ya jamvi iache wiki mbili au zaidi, na ya bimu zaidi ya hapo, kama mhandisi atakavyoandika. Aandike, sio aseme.

Vipande vya zege vya kupimia nguvu, vya milimita 150 kila upande, vitengeneze kila unapomwaga kitu kikubwa na uvipeleke maabara ya TANROADS au chuo chochote chenye mashine. Siku ya saba utegemee kama theluthi mbili ya nguvu, siku ya 28 ndiyo hukumu. Mwenye nyumba mmoja huku aliniambia hizo ni gharama za kizungu. Nikamwomba aandike hivyo kwenye daftari la saiti na asaini. Hakusaini, tukapima.

Kwa bei, tafadhali usishindane na yule atakayekuwa chini yako kwa asilimia 20. Mwache aichukue hiyo kazi.

Nitumie mchoro wa ngazi ya ile nyumba ya Nyegezi kabla ya Ijumaa, pamoja na orodha ya nondo uliyoandaa. Nahisi umesahau kuhesabu mapishano, pale nondo zinapoungana. Nisalimie shemeji, mwambie sato alionipa waliisha siku ile ile.

Ni mimi ndugu yako wa Mbezi.