Salamu za Shukrani: Baba Yetu, Mwakilishi wa Jimbo kwa Miaka 25

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Sisi wana na wajukuu wa marehemu, pamoja na mama yetu aliyemo ndani ya eda, tunatoa shukrani kwenu nyote mliotufariji katika msiba wa baba yetu, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar tangu mwaka 1985 hadi 2010. Tulitaka kumpitia kila mtu nyumbani kwake, na kwa walio karibu tumeshaanza. Lakini mlikuwa wengi, na baadhi yenu hatukuwajua hata majina. Mlifika kwa gari za shamba, mkasali, mkatupa mkono, mkaondoka kabla hatujawahi kuwauliza mmetoka wapi. Salamu hizi ni zenu kwanza.

Madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja walimtunza baba mpaka pumzi yake ya mwisho, na kila asubuhi walitueleza hali yake bila kutuficha. Imamu na maamuma wa msikiti wetu walisimamia kuoshwa kwake, kukafiniwa na kusaliwa. Vijana wa shehia walichimba kaburi usiku, na ardhi yetu ni mawe matupu. Kina mama majirani hawakutuachia tuwashe moto siku zote za matanga. Jamaa wa Dar es Salaam waliwahi boti ya kwanza. Wale wa Muscat na London walioshindwa kufika, rambirambi zenu zimetufikia na hitima mliyomsomea huko tumearifiwa. Ofisi ya Baraza la Wawakilishi ilituma ujumbe, na wajumbe wenzake wa zamani walikaa nasi mkekani mpaka usiku, nao wenyewe sasa ni wazee wa kutembelea mikongojo. Allah awalipe kila la kheri.

Tunaomba ruhusa ya kurefusha kidogo, kwa sababu wapo watu ambao deni letu kwao halikuanza siku ya maziko.

Baba alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi kabla ya kuchaguliwa. Alipoingia Barazani, chombo chenyewe kilikuwa bado kichanga. Baraza la Wawakilishi lilianzishwa mwaka 1980. Kabla ya hapo, tangu Mapinduzi ya 1964, sheria za Zanzibar zilikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi. Katiba ya mwaka 1984 ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutumika. Wajumbe wengi walikuwa wakijifunza kazi huku wakiifanya. Yeye alijifunza kwa kusoma. Mswada ukifika nyumbani, alikaa nao mezani na taa ya chemli, kalamu nyekundu mkononi kama anasahihisha mitihani, na sisi watoto tulijua usiku huo hatumwiti. Ripoti za hesabu za serikali, ambazo wengi waliziona nzito, yeye alizipenda. Alisema kwamba hotuba inaeleza nia, hesabu inaeleza kilichofanyika.

Lakini maswali aliyouliza katika kipindi cha maswali na majibu hayakuwa yake. Yalikuwa yenu. Na hapa ndipo shukrani zetu zinapoelemea zaidi.

Mtu akija na shida, baba aliiandika kwenye daftari kwa maneno ya mwenyewe, pamoja na jina lake na kitongoji chake. Swali likijibiwa, alirudi kwa huyo mtu akamsomea jibu la Waziri, lote, liwe la kufurahisha au la kuvunja moyo. Jibu likiwa halina kitu, alilipeleka tena swali lile katika mkutano uliofuata. Kina mama wa mwani mnalikumbuka hili kuliko yeyote. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wengi walioingia baharini walikuwa wanawake, na kwa mara ya kwanza wengi wenu mlishika fedha ya jasho lenu wenyewe. Mlikuja kwake na suala la bei ya kilo, na la mizani ya mnunuzi, na la kamba na pegi zinazotolewa na yuleyule anayenunua. Mlikaa barazani kwetu na madira yaliyoloa chumvi, mkamfundisha kazi yenu mpaka akaweza kuieleza mbele ya Spika kama mtu aliyelima mwani maisha yake yote. Wavuvi nanyi mlimfundisha kuhusu madiko, pale hoteli zilipoanza kujengwa ufukweni na njia ya kupitisha ngalawa ikawa jambo la kugombaniwa. Mwakilishi asiyeambiwa na watu wake hana la kusema. Ninyi hamkumwacha akose la kusema kwa miaka 25, na sisi tuliofaidi heshima ya jina lake tunawashukuru kwa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo aliishi nalo kwa muda mrefu. Mwaka uleule aliochaguliwa, 1985, Zanzibar ilipata sheria iliyoweza kumpeleka jela hadi miaka miwili msichana asiyeolewa akipata mimba. Kina mama walikuja kwetu usiku, mtandio umefunika uso, kumweleza yaliyowafika mabinti zao. Majina hayo hakuyaandika kwenye daftari. Alikuwa mtu wa dini na hakuidogosha dhambi, lakini hakukubali kwamba msichana afungwe na mtoto wake azaliwe kifungoni, na mwanamume aliyehusika aendelee na safari zake. Jambo hili alilisema kwenye kamati, alilisema kwa viongozi faraghani, na lilimgharimu marafiki. Mwaka 2005 Baraza lilipitisha sheria mpya iliyoondoa kifungo na kuweka adhabu ya kuitumikia jamii badala yake. Baba aliona hata hiyo haikutosha, lakini siku ile alirudi nyumbani akamwita kila binti yake, akatukalisha karibu naye. Kati ya waliokuja kutoa mkono wa pole juzi walikuwamo wanawake watatu ambao walimwambia mama, kwa sauti ya chini, sababu ya kuja kwao. Tunawashukuru kwa ujasiri wenu. Siri zenu amekwenda nazo.

Sasa tuseme na la siasa, kwani wengi mmelitaja mkekani.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 vijiji vyetu viligawika. Watu walisusiana maduka, walisusiana harusi, na kibaya zaidi, walisusiana maziko. Baba hakusita hata siku moja kwenda kumzika mtu wa chama kingine. Mara nyingine alifika akakuta nyuso zimegeuka, akachukua nafasi yake katika safu, akasalia jeneza, akarudi. Wenzake wa chama walimlaumu. Miafaka ya 1999 na 2001 kati ya CCM na CUF ilikuja, na machungu katikati yake tunayajua sote. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu. Januari iliyofuata, wakati Unguja nzima haina umeme, maana ulikatika Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi, Baraza liliijadili hoja ya maridhiano iliyoletwa na upande wa upinzani, na pande zote mbili zikaiunga mkono. Baba aliihesabu siku hiyo kuwa bora kuliko zote alizokaa Barazani. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikapita kwa asilimia 66.4, Katiba ikabadilishwa kuruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na yeye hakugombea tena. Alisema amemaliza.

Kwa hiyo jeneza lilipotoka nyumbani na tukawaona waliolipokea, wa chama hiki na wa chama kile wakipokezana begani, kaka yetu mkubwa alishindwa kujizuia. Mzee wetu wa upande wa pili, uliyeshindana naye katika chaguzi zaidi ya moja, ukaja ukiwa umeshikwa mkono na mjukuu wako, ukasisitiza kuingia kaburini kumpokea: hatuna cha kukulipa. Baba alikuwa akikutaja kila Ramadhani tunapofuturu, akiuliza kama futari yako imepelekwa. Itaendelea kupelekwa inshaallah.

Tunawaomba radhi kwa niaba yake. Kazi ya miaka mingi kiasi hicho haikosi mtu aliyeumizwa kwa neno, kwa ahadi iliyochelewa, au kwa kura aliyoipiga. Msameheni, na nasi tunawasamehe wote waliomkosea, kama alivyotuusia. Mwenye kumdai fedha au amana yoyote aje kwa kaka yetu mkubwa, hata kama hana shahidi wala maandishi.

Mwisho, katika sanduku lake tumekuta nakala za hati za mashamba, barua za madai ya kiinua mgongo, vyeti vya kuzaliwa na karatasi nyingine mlizomkabidhi ili awafuatilie. Amezifunga kwa uzi, kila bahasha ina jina la mwenyewe. Ni mali yenu. Njooni mzichukue nyumbani baada ya sala ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Ambaye mwenyewe amefariki, aje mrithi wake na barua ya sheha.

Wabillahi tawfiq.

Wana wa marehemu, kwa niaba ya familia
Unguja