Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: oksijeni ya kiwanda itatoka wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: SWALI LA KUULIZWA KABLA YA KUTOA KIWANJA CHA KIWANDA CHA KEMIKALI

Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu kila anayekunywa maji ya Mto Zigi na kula samaki wa soko la Deep Sea. Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, lilipoelekezwa Chongoleani, hoteli zetu zimejaa watu wenye mikoba wanaozungumzia viwanda. Sina ugomvi na viwanda. Nimekula mshahara wa maabara za viwandani hadi nikastaafu, na wanangu wamesoma kwa mshahara huohuo.

Ombi langu ni moja. Mwekezaji wa kemikali akija kuomba ardhi, iwe Pongwe au Mwambani, ajibu kwa maandishi: oksijeni yako utaitoa wapi, na ukishaitoa, kitabaki nini?

Swali hili linaonekana la ajabu, lakini kemikali nyingi za viwandani, kuanzia malighafi za plastiki hadi za rangi na sabuni, hupatikana kwa kuongeza oksijeni kwenye gesi, mafuta au sukari. Kazi hiyo huitwa oksidishaji. Oksijeni ya hewani ni ya bure, ila ni mvivu. Ukiilazimisha kwa moto mkali inaunguza kila kitu mpaka kikawa moshi. Ndiyo maana wa zamani walitumia vitu vikali: misombo ya kromiamu, permanganeti, klorini, asidi ya nitriki. Vinafanya kazi haraka, halafu vinaacha mizoga. Kromiamu ya aina hiyo husababisha saratani, na huwezi kuimwaga ukaisahau.

Njia ya pili ni kutumia kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha na kuelekeza badiliko bila chenyewe kwisha. Si jambo geni. Mwanafunzi wa kidato cha nne anakariri kwamba asidi ya sulfuriki hutengenezwa kwa hewa na kichocheo cha vanadiamu. Pale hewa inaposhindwa, hutumika haidrojeni peroksaidi, ileile ya zahanati inayotoa povu kwenye kidonda. Povu lile ni oksijeni. Kimeng'enya kilichomo kwenye damu ndicho kichocheo, na kinachobaki ni maji matupu.

Sasa nije kwenye chokaa, kwa sababu hapa ndipo ninapoona Tanga inaweza kunaswa.

Chukua propilini oksaidi, malighafi ya magodoro ya sponji. Kwa njia ya zamani, gesi ya propilini hukutanishwa na klorini na maji, kisha zao lake hupitishwa kwenye maziwa ya chokaa ili klorini itoke. Bidhaa ya mwisho haina klorini hata chembe. Karibu yote inaishia kwenye maji taka ikiwa chumvi ya kalsiamu kloraidi. Ukipiga hesabu ya kwenye karatasi tu, kila tani 1 ya bidhaa inameza zaidi ya tani 1 ya chokaa na kuacha karibu tani 2 za chumvi, ikiwa imeyeyuka katika maji mengi pamoja na masalia mengine yenye klorini yasiyooza kirahisi. Sisi ni watu wa mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo. Kwa hiyo mwenye mtambo wa klorini atakuja na hoja tamu: chokaa yenu imepata soko, vijana wamepata kazi machimboni. Yote yatakuwa kweli. Ila chokaa itakayoingia kwa lori getini itatokea kwenye bomba la nyuma kuelekea ghubani, na hilo halitakuwa kwenye vipeperushi.

Njia nyingine ipo na inafanya kazi. Mwaka 1983 watafiti wa kundi la ENI la Italia walipata hataza ya kichocheo cha silika yenye titani, chenye vitundu vidogo mno, ambacho kwa msaada wa peroksaidi huigeuza propilini moja kwa moja na kuacha maji. Kiwanda kikubwa kilianza Ulsan, Korea Kusini, mwaka 2008, kikafuatiwa na cha Antwerp, Ubelgiji. Kwa maelezo ya BASF na Dow, kampuni zenye kiwanda hicho cha Antwerp, ukilinganisha na njia za zamani maji taka yanapungua kwa asilimia 70 hadi 80 na nishati kwa asilimia 35. Mwekezaji akikuambia kwamba klorini ndiyo njia pekee, muulize kuhusu Ulsan. Na muulize mtambo wake ni mpya au umefunguliwa boliti mahali fulani. Mtambo uliopigwa marufuku au kuzidiwa na gharama kwao hauzikwi, hutafutiwa mnunuzi.

Lakini si kila chenye jina la kijani kinauzika. Mwaka 1998 Ryoji Noyori na wenzake wa Japani walionyesha jinsi ya kutengeneza asidi ya adipiki, moja ya malighafi mbili za nailoni, kwa peroksaidi na kichocheo cha tangsteni. Waliondoa asidi ya nitriki, ambayo katika kazi hiyo hutoa naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 260 kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule. Kazi safi kabisa, ila viwanda vikubwa havikuhamia huko. Kila molekuli ya adipiki inadai molekuli 4 za peroksaidi, wakati propilini inadai moja tu, na peroksaidi si bei ya maji. Wala si ya kuchezea: ikiwa kali na ikachanganyika na uchafu inaweza kulipuka, na joto la Tanga halisaidii. Atakayesema atatumia peroksaidi aeleze pia ataihifadhi vipi. (Nailoni na plastiki wenzake ndio waliolimaliza soko la mkonge wetu, ambao mwaka 1964 ulivuka tani 230,000 nchi nzima. Kemia ya wengine tumeshailipia.)

Kama mkoa unataka kuanza na kitu chake, kipo cha kiasi. Muhogo wa Handeni na Mkinga una wanga. Wanga hutoa glukosi. Glukosi ikipewa hewa ndani ya matangi yenye ukungu wa Aspergillus niger, ambao vimeng'enya vyake ndivyo vichocheo, hutoa asidi ya glukoni. Chumvi yake huchelewesha zege kuganda, jambo linalotakiwa sana kwenye ujenzi wa nchi za joto, na sisi tuna viwanda vya saruji mlangoni.

Najua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari. Lakini mshauri mwelekezi anapoanza kuandika ripoti, mtambo umekwisha kuchaguliwa, na kazi inayobaki ni kupanga mabwawa ya maji taka. Swali liulizwe mapema, nalo liwe na namba. Mkemia Roger Sheldon alitupa kipimo rahisi: kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Maji yatajwe kando, kwa sababu kipimo hicho kwa kawaida huyaacha nje, na humo ndimo wajanja hujificha.

Jingine ni la haraka na halingoji mwekezaji. Maji ya ghuba, na ya pwani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, yapimwe sasa: chumvi, klorini, metali nzito, misimu yote miwili. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, wavuvi walikuja kulalamika na mwanasheria wetu akawauliza swali moja tu: kabla yetu maji yalikuwaje? Hakuna aliyekuwa na karatasi. Mkutano ukaisha kabla ya chai.

Nikiitwa kusaidia kuandaa orodha ya vipimo, nitakuja bila posho.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu maabara mstaafu,
Chumbageni, Tanga