Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo: Tunaomba chumba cha sura za watu wetu

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nawaombea wachoraji wa mji huu chumba kimoja, katika nyumba yoyote ya Mji Mkongwe iliyo mikononi mwa halmashauri, kiwe cha picha za sura za watu.

Anayenitia moyo ni mchoraji Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake mtu wa Komoro, akapelekwa Uingereza angali mchanga. Mwaka 2017 alitwaa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Lakini kazi yake ninayoitaka uione ni ya 2004, Naming the Money: watu 100 waliochorwa kwenye plaiwudi, kimo cha mtu mzima, wamesimama sakafuni nawe unapita katikati yao. Ni Waafrika waliotumikishwa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba. Zunguka nyuma ya mmoja, utakuta karatasi ya mahesabu yenye jina lake mwenyewe, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoijua kwao na kazi anayofanyishwa sasa.

Kwetu je? Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia hapa, ila mgeni akija anasimuliwa wapelelezi wa Kizungu: Burton, Speke, Stanley. Mwili wa mpelelezi mwenzao Livingstone ulifika hapa Februari 1874 ukiwa umebebwa na watu. Kati ya waliomleta, Chuma na Susi angalau tunawajua kwa majina. Mnyamwezi aliyeteremka na pembe begani kutoka Tabora hana sura. Wala mwanamke aliyevushwa Unguja kwa jahazi, ambaye wajukuu zake huenda leo wako ng'ambo wanatafuta asili yao.

Vijana waliosoma TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa Bagamoyo, wanaweza kuwachora. Tatizo soko linataka tembo na Mmasai mwenye mkuki, picha ya kuanza asubuhi na kuuza jioni. Sura ya mtu haiendi hivyo! Jicho peke yake hula siku nzima. Ngozi nyeusi ukiipaka nyeusi tupu inakufa. Inataka bluu, kahawia na wekundu kidogo chini yake, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke kwanza. Muda huo kijana anautoa wapi bila ujira?

Kwa hiyo, pamoja na chumba, tunaomba fungu dogo kutoka mapato ya ndani kwa turubai, rangi na malipo ya wachoraji, na wazee wa Dunda na Magomeni waulizwe majina wanayoyakumbuka kabla hawajaondoka nayo. Ombi hili liingie kwenye kikao kijacho cha Baraza la Madiwani. Tukiitwa, tutakuja na michoro ya awali.

Wako,
Mwalimu wa uchoraji, mkazi wa Dunda