Maneno "rafiki wa mazingira" yathibitishwe kabla ya kuchapishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie maneno "rafiki wa mazingira", ambayo siku hizi yamebandikwa kwenye kila kitu, kuanzia sabuni ya unga hadi mabango ya barabarani.

Juma lililopita nilinunua mchele na nyanya sokoni, nikauziwa pia mfuko wa kubebea wenye picha ya jani la kijani na maneno hayo chini yake. Siku ya tatu mshikio ulikatika. Kwa udadisi nilikata kipande chake nikakichoma kwa kiberiti, pamoja na kipande cha kanga kuukuu. Kanga iliungua ikawa majivu. Kipande cha mfuko kilijikunja, kikayeyuka, kikadondosha tone ambalo lilipopoa likawa gumu kama shanga. (Simshauri mtu arudie jaribio hilo ndani ya nyumba, kwa maana moshi wake unakera.)

Mfuko ule, ambao kwa macho na kwa kuugusa unafanana na kitambaa, haukufumwa kwa pamba wala katani. Umetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizobanwa pamoja kwa joto, na polipropilini ni plastiki inayotokana na mafuta na gesi ya ardhini, kama ulivyokuwa mfuko wa rambo tulioupiga marufuku hapa Tanzania Juni 1, 2019. Wenzetu wa Kenya, waliotutangulia kuzuia mifuko ya plastiki Agosti 2017, waliliona hilo mapema, na mwaka 2019 mamlaka yao ya mazingira, NEMA, ikatangaza kuizuia na hii inayofanana na kitambaa.

Sisemi kwamba mfuko huo hauna faida. Ukiwa mzito kwa kiwango kinachotakiwa hapa nchini, yaani gramu 70 kwa mita ya mraba, unaweza kubeba mahitaji ya nyumbani kwa miezi mingi, na ninao mmoja wa namna hiyo. Ninacholalamikia ni yale maandishi, kwa sababu mama aliyeuacha mfuko wake mtaroni akiamini kwamba utaoza kama ganda la ndizi hakufanya uzembe, ameamini alichoandikiwa.

Wanaosema mnunuzi ajihadhari mwenyewe wakumbuke kisa cha Volkswagen. Kampuni hiyo iliyatangaza magari yake nchini Marekani kuwa ya "dizeli safi", hadi mwaka 2015 ilipobainika kwamba iliyawekea programu iliyotambua gari linapopimwa na kupunguza moshi kwa muda huo tu, ilhali barabarani baadhi yalitoa gesi chafu ziitwazo oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Duniani kote magari yenye programu hiyo yalikuwa takribani milioni 11. Walioanza kuufichua udanganyifu huo ni watafiti waliofunga vipimo kwenye magari na kuyaendesha barabarani. Mwenye gari angejuaje? Nasi wa kikapu cha sokoni tutajuaje, zaidi ya kuchoma mishikio jikoni?

Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria, itakayoanza kutumika Septemba 27, 2026, inayokataza madai ya jumla kama "rafiki wa mazingira" pale ambapo mtengenezaji hana uthibitisho unaotambulika. Sisi hatuanzii patupu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Naiomba Tume hiyo, ikishirikiana na Shirika la Viwango, imtake kila anayechapisha maneno hayo aseme papo hapo, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, bidhaa imetengenezwa kwa kitu gani na ikichakaa ipelekwe wapi. Asiyeweza kusema hayo abaki na jani lake bila maneno.

Ombi la mwisho ni kwako, Mhariri. Gazeti lako linaandika vizuri kuhusu mitaro iliyoziba kwa plastiki, kisha kurasa chache mbele linapokea tangazo la kijani la nusu ukurasa. Idara yako ya matangazo ingeweza kuanza hata kesho kumwuliza mteja swali moja kabla ya kupokea malipo: una uthibitisho gani?

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam