Kuhusu kidonda cha yule mama mpara samaki

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na wazee wote nisalimie. Huku tu wazima, mvua bado, mikorosho imeshaanza kuangusha na kila mtu yuko shambani. Picha zako nimezipata na nimezitazama kwa kutulia. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu swali lako, kama umwanzishie huyo mama sindano za antibayotiki ya seftriaksoni, si la kujibiwa kwa neno moja la simu. Nakuomba usimwanzishie.

Yatazame mambo yalivyofuatana. Alichomwa kidoleni na mwiba wa tasi akiwa anapara samaki. Pakafunga, akasahau. Wiki kadhaa baadaye pale pale pakaota kinundu, kikapasuka, kisha vikafuata vingine kupanda mkono hadi karibu na kiwiko, vimejipanga kama shanga kwenye uzi. Homa hana, usaha ni kidogo. Amoksilini amekunywa, kloksasilini amekunywa, kidonda kiko vile vile. Bakteria wa majipu hawana tabia hiyo. Wao huja na joto na maumivu, na dawa ikiwapata utaona tofauti ndani ya siku chache. Mdudu huyu anakwenda polepole na anafuata mishipa ya limfu.

Mimi namshuku Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, ila yeye makao yake ni majini na kwenye samaki. Mtafiti Aronson alimtambua mwaka 1926 kwa samaki waliokufa kwenye matangi ya maonyesho huko Philadelphia, Marekani. Kwa binadamu alikuja kujulikana mwaka 1951, Sweden, kwa watu waliokwaruzika kwenye bwawa la kuogelea. Tangu mtu achomwe hadi kinundu kionekane huwa zinapita wiki mbili hadi sita, mara nyingine miezi, na hapo ndipo wengi wanapopotea: mgonjwa hauunganishi mwiba na kidonda, na tabibu hamuulizi. Wewe uliuliza. Nimefurahi sana kuona umeandika kazi yake mstari wa kwanza kabisa.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike. Bakteria huyu anapenda ubaridi, nyuzi 30 hadi 33. Ndiyo maana hukaa vidoleni na mikononi, asiingie ndani ya mwili kwa urahisi. Na ndiyo maana kinyama, yaani kipande kinachokatwa kidondani kwa ajili ya maabara, kikioteshwa kwenye nyuzi 37 kama vinyama vingine, majibu yanaweza kurudi kwamba hakuna kilichoota, na mgonjwa akaongezewa antibayotiki ya nne. Kwa hiyo kwenye fomu ya maabara usiandike "kidonda sugu" ukaishia hapo. Andika: mpara samaki, kachomwa mwiba, nashuku marinum, tafadhali otesheni kwenye nyuzi 30 na muache wiki sita. Mtu wa maabara hawezi kukisia kilicho kichwani mwako.

Kinyama chenyewe kikatwe kwenye kinundu kipya, si kwenye kidonda kilichokwisha kuchakaa, na kiende chini kidogo, si ngozi ya juu tu. Kigawanywe mara mbili: kimoja kwenye formalini kwa ajili ya kutazamwa kwa darubini, kingine kwenye maji ya chumvi ya hospitali, maana formalini inaua na kilichokufa hakioti. Majibu ya darubini yakija kwamba hawakuona bakteria, usikate tamaa. Kwa ugonjwa huu wanakuwa wachache mno na mara nyingi hawaonekani. Mashine ya GeneXpert nayo haitakusaidia, ile imetengenezwa kwa kifua kikuu. Kinyama ni lazima pia kwa sababu kuna fangasi, Sporothrix, anayepanda mkono namna hii hii, na dawa zake ni nyingine kabisa.

Umesema ndugu zake wanadai ni mafuta ya ganda la korosho. Hayo sote tumeyaona msimu kwa msimu: yanababua upesi, ngozi inakuwa nyeusi, inabambuka, kisha inapona. Hayaoti vinundu vya kupanda mkono.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba majirani wameacha kula chakula chake, wanasema ni ukoma. Huku kwetu kusini ukoma haujaisha, kwa hiyo usiwabeze. Mpime mbele yao. Chukua pamba, afumbe macho, mguse juu ya vinundu na pembeni yake. Papasa na mshipa wa fahamu pale nyuma ya kiwiko. Akihisi pamba kila mahali na mshipa haujavimba, waeleze wazi. Kisha waambie kwamba huu tunaoushuku haumtoki mtu kwenda kwa mtu. Na hata ungekuwa ukoma, una dawa, hutolewa bure, mtu anapona. Mama huyu analisha watoto kwa samaki anaowapara. Hilo neno moja la majirani limeshamharibia riziki kuliko kidonda chenyewe.

Dawa zipo. Kwa kawaida huchanganywa mbili, kama klarithromaisini na ethambutoli, au rifampisini na ethambutoli, kwa miezi mitatu au minne, na huendelea mwezi mmoja au miwili baada ya ngozi kufunga. Aliye na ethambutoli apimwe macho, hasa kutofautisha rangi. Usishawishike kumpa vidonge mseto vya TB: aisoniazidi na pirazinamidi zilizomo kwa bakteria huyu hazina kazi, na mgonjwa atakuwa ameandikwa TB asiyo nayo. Asidungwe steroidi kwenye kinundu, hata akiomba. Na pima VVU kama hujampima.

Akianza kushindwa kukunja kidole, au kiungo kikivimba, hapo usisubiri majibu wala barua yangu. Ugonjwa umefika kwenye kano na anahitaji daktari wa upasuaji mara moja.

Kwa sasa asipare samaki kwa mkono huo. Baadaye avae glavu nene, zile nyembamba za zahanati mwiba unazipenya.

Nimekwisha kuzungumza na mwenzetu wa maabara hapa, atakipokea kinyama na kukisafirisha mbele. Mpakie mgonjwa kwenye gari la asubuhi Jumatatu, aje na daftari lake na orodha ya dawa zote alizokunywa, pamoja na za duka. Nitampokea stendi mwenyewe. Kama nauli ni tatizo nijulishe mapema, usimwache akakope.

Shoga yako akupendaye