Barua kwa mwanangu: shuka tatu za kwenye upepo

Mamangu, marahaba. Sisi wazima, babu yako goti tu ndo linamsumbua kama kawaida.

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu nikacheka mpaka nikakohoa, eti bosi kasema jamaa kwenye pati alikuwa "three sheets to the wind" na wewe ukawaza shuka za kitanda zimeanikwa 😂 Sheet ya mabaharia sio shuka, wala sio tanga, ni kamba, ndo ile demani (ya jahazi, sio ya msimu) aliyokuwa akiing'ang'ania babu yako mpaka viganja vikaota sugu. Ikikuponyoka hiyo tanga linapigapiga ovyo na chombo kinakwenda mrama, sasa zikiponyoka tatu si ndo mlevi mwenyewe huyo anatafuta ukuta wa kushika.

Miaka yote niliyofundisha kingereza haya ndo nilikuwa nayapenda kuliko sarufi. Mfano "groggy", ile unayosema ukiamka kichwa kizito. Kulikuwa na admirali mmoja wa Kiingereza, Edward Vernon, mabaharia wake walimwita Old Grog kwa sababu ya koti lake la kitambaa cha grogram, mwaka 1740 akaamuru ramu yao ichanganywe na maji, maana kila mtu alikuwa akipewa nusu painti kwa siku, kama robo lita hiyo mamangu, halafu apande mlingoti! Basi mchanganyiko wakaupa jina lake, na aliyeuzidisha ndo akawa groggy. Ramu yenyewe jeshi lao la majini limekuja kuifuta 1970, juzijuzi tu, mie nshazaliwa.

Na usijione mshamba mbele yao. Wiki iliyopita si umenambia mwenyewe "mama nimepwelewa" kwa ajili ya kodi ya nyumba? Haya, hiyo ni bahari tupu, maji yamekupwa chombo kimebaki mchangani kimelalia ubavu, na wenye chombo wamekaa kivulini wanasubiri maji yajae. Mwingereza hapo anasema kaachwa "high and dry", kitu kile kile, ufukwe tu ndo mwengine. Mwambie bosi wako, atapenda.

Halafu hiyo kodi umelipa au bado? Nijibu leoleo, nikutumie kabla babako hajaanza maswali.

Mamako