Sauti ilipanda basi kweli

Dortmund, 29 Julai 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Salaam nyingi sana. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Babati ya mwezi huu haijawaumiza. Mimi huku mzima, zamu za usiku zinaniandama kama kawaida, lakini Mungu anasaidia.

Umeona sikukuita Kiziwi. Sitakuita tena, na barua hii ni ya kukueleza kwa nini. Ningeweza kukupigia simu, ila nikijijua mimi, ningeanza utani katikati ya maneno na jambo lingepotea.

Wiki iliyopita huku kulikuwa na michezo ya dunia ya wanafunzi wa vyuo vikuu, ile iliyokuwa ikiitwa Universiade. Waliitawanya katika miji ya Rhine na Ruhr, na riadha ikaangukia Wattenscheid, uwanja wa Lohrheide. (Wattenscheid ulikuwa mji unaojitegemea mpaka 1975 ulipomezwa na Bochum. Ukitaka ugomvi na mwenyeji, mwambie anakaa Bochum.) Nikatoka zamu, nikalala saa chache, nikapanda treni kwenda kuangalia mchujo wa mita 400 wanaume. Fainali mtu anaiona kwenye simu. Kwenye mchujo ndiko unakowakuta vijana wa aina yetu, wale wanaojua kabisa kwamba hawavuki, na bado wanafunga kamba za spaiki mara tatu tatu.

Nilikaa upande wa kona ya kwanza, nikiwaona wanavyopangwa, kila mmoja mbele ya mwenzake, wa leni ya nane amesukumwa mbele mita 53 kama mtoto aliyetumwa dukani peke yake. Nikakukumbuka. Halafu nikaona kitu ambacho kwenye televisheni sikuwahi kukitilia maanani: nyuma ya kila mkimbiaji, karibu na vile vibao vya kukanyagia, kuna kijisanduku kidogo kimelala chini, kina waya. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Kijerumani na chupa yake ya chai, aliyewahi kufundisha watoto mbio katika klabu ya mtaani kwao. Nikamuuliza vile visanduku ni vya nini.

Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linatokea wapi. "Spika," akasema. "Ili wa mwisho asikie mlio sawa na wa kwanza."

Ndugu yangu, nilinyamaza. Kundi la kwanza likakimbia likamaliza, na ukiniuliza nani aliongoza sijui.

Unakumbuka ule uwanja, yale mashindano yetu ya vyuo vya Afrika Mashariki? Vumbi jekundu, mistari ya chokaa ambayo mvua ya usiku ilikuwa imeshalamba nusu yake. Bastola ikagoma mara mbili, starta akaitupa kwenye kiti, akachukua vile vibao viwili vya mbao vya kugonganisha. Akapanda kigoda pembeni ya leni ya kwanza, yaani pembeni yangu mimi, karibu kiasi kwamba niliona kucha zake. Wewe ulikuwa kule kwenye nane, na nyuma yako wale jamaa wa matarumbeta ambao hakuna aliyewaambia wanyamaze. Tulipomaliza, wa tatu mimi, wa nne wewe, nimekuzidi kifua tu, wala sicho kifua chote. Ukaja umeinama, umeshika magoti, ukasema maneno matatu: "Sauti ilichelewa kufika."

Na mimi, mbele ya timu nzima, nikasema: "Kwani ilipanda basi?"

Basi lote la kurudi tulicheka. Kufika chuoni jina lilikuwa limeshakushika. Ulicheka na wewe, ndiyo, lakini mwaka uliofuata ulipopita ubao wa kujiandikisha hukusimama. Nilikuona, nikajifanya nasoma tangazo la mkopo.

Sasa sikiliza nilichofanya pale Wattenscheid. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mkate. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka kwenye kigoda hadi leni ya nane, ukikata kona moja kwa moja jinsi sauti inavyokata, ni kama mita 45. Gawanya. Inakuja kama sekunde 0.13. Mtu aliyechoka anayemaliza mita mia za mwisho kwa mwendo wetu ule, hiyo ni karibu mita nzima. Mimi nilikuzidi kifua. Usiniletee habari ya leni ya kwanza kuwa na kona kali. Ni kweli inabana, lakini kona ile tulipimiwa sote kabla, na sauti haikupimwa na mtu.

Nikakumbuka na jambo lingine. Siku hizi mkimbiaji akiondoka kabla ya sekunde 0.1 kupita tangu mlio, mitambo inamhesabu ameiba mwanzo, kwa kuwa mwili wa binadamu hauwezi kusikia na kusukuma mguu upesi kiasi hicho. Kwa hiyo hicho kipande cha muda, ambacho kinatosha kumfukuza mtu mashindanoni, wewe uliibiwa chote na zaidi, na aliyekucheka ni mimi niliyepata alama A ya fizikia. Mita 340 kwa sekunde nilikuwa naijua tangu kidato cha pili. Sikuigawanya hata siku moja.

Na 2016, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini aliposhinda mita 400 za Olimpiki ya Rio kwa sekunde 43.03 kutoka leni ya nane, akaifuta ile rekodi ya dunia ya 43.18 ya Michael Johnson iliyokaa tangu 1999, nani alikuandikia usiku uleule, "Unaona? Mwenzako nane hiyohiyo"? Mimi. Yeye alikuwa na spika mgongoni. Wewe ulikuwa na matarumbeta.

Yule mzee aliponiona naandika akataka kujua, nikamsimulia kwa Kijerumani changu cha kuchechemea. Hakucheka. Akaniuliza kama namjua Alberto Juantorena. Nikamwambia nani asiyemjua, Mkuba, Montreal 1976, mita 400 kwa 44.26 na mita 800 kwa 1:43.50. Akasema sawa, lakini huyo ametoka humuhumu kwenye michezo ya wanafunzi: 1973 kule Moscow alichukua mita 400, na Agosti 1977 kule Sofia akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 800, 1:43.44. Wiki mbili baadaye akaja Düsseldorf, hapa jirani, kwenye Kombe la Dunia la riadha. Ule uwanja uko karibu na uwanja wa ndege. Mita 400 akashindwa, akashinda Volker Beck wa Ujerumani Mashariki. Juantorena akalalamika kwamba ndege ilikuwa inapita, hakusikia mlio wa bastola. Mzee alikuwepo, anasema watu wengi jukwaani walizomea.

Unajua waamuzi walifanya nini? Mbio zikarudiwa. Akashinda.

Bingwa wa Olimpiki akisema hakusikia, watu wanarudi kwenye mstari. Wewe uliposema, tulikupa jina. Beck naye namwonea huruma, kwa kweli, kukimbia mita 400 mara mbili ukiwa ulishashinda ni adhabu. Lakini si shughuli yangu leo.

Kundi la mwisho la mchujo nililiangalia kwa macho yote. Kijana wa leni ya nje kabisa alikuwa mwembamba, bukta imemzidi. Mlio ulipotoka wakaondoka wote kama waliofungwa kamba moja. Mita 300 akaanza kulegea, shingo ikapanda, mikono ikawa inapalilia hewa, unaijua ile hali, miguu si yako tena. Akamaliza wa mwisho. Lakini alishindwa kwa miguu yake mwenyewe, akasimama akaangalia ubao wa muda, akatabasamu. Inaonekana ulikuwa muda wake bora.

Nisamehe, ndugu yangu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Ile nishani ya shaba iko kwa mama Morogoro, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vifungo na sindano. Utepe umeliwa na mende, yenyewe nzima. Nimemwambia dada aichukue. Anakuja huko Babati kwenye harusi mwezi ujao, atakuletea mkononi. Asikudanganye kwamba amepotea njia, anakula sana huyo, shemeji ajiandae. Na usimrudishe nayo. Nimeshamwambia si yetu.

Wasalimie wote.

Ndugu yako,
Leni ya Kwanza